MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Korosho za Sudi na Viwanda vya Vietnam

Ghuba ya Sudi, iliyo kusini ya mji wa Lindi na kaskazini ya Mikindani, haina meli kubwa wala makelele ya bandari. Ina mikoko, ina ngalawa na majahazi, na nyuma yake imesimama minazi na mikorosho. Lakini mtu asidhani kwamba Sudi ni mahali pageni kwa biashara ya mbali. Tangu zama za mababu zetu, mwambao huu wa Lindi ulipeleka ng'ambo pembe za ndovu, sandarusi na mpira wa mwitu. Na, jambo ambalo hatulikumbuki bila ya uchungu, ulipeleka hata wana wake wenyewe katika minyororo. Mali iliondoka ikiwa ghafi, na kilichorudi kilikuwa nguo, shanga na baruti zilizotengenezwa na mikono ya wengine. Leo kinachoondoka ni korosho. Yafaa basi tujiulize: katika karne zote hizo, sisi tumebadili nini?

Twauliza hivyo kwa sababu siku hizi husikika sana sifa za nchi za Asia ya Kusini Mashariki, na zaidi sifa za Vietnam. Wapo wanaosema: "Tazameni Vietnam! Imewafungulia wageni milango, imetajirika. Nasi tufungue yetu yote, tusiulize neno." Na wapo wanaosema kwamba kila mgeni mwenye mtaji ni mnyonyaji, kwa hiyo mlango na ufungwe. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimetazama mlango, hazikutazama nyumba. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya korosho zetu huishia katika viwanda vya nchi hiyo hiyo ya Vietnam, mkulima wa Sudi ana haki ya kuijua habari hii vizuri kuliko mtu ye yote.

Vietnam ilitoka vitani mwaka 1975, nchi ikiwa imeharibiwa vibaya kwa mabomu. Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Desemba 1986 Mkutano Mkuu wa Sita wa Chama cha Kikomunisti, chama kinachoshika madaraka ya nchi hiyo hadi leo, ulikata shauri la kubadili mwendo wa uchumi, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuwakaribisha wenye mitaji wa nje. Marekani iliondoa vikwazo vyake vya biashara mwaka 1994. Mwaka 1995 Vietnam ikaingia katika umoja wa nchi za Asia ya Kusini Mashariki, na mwaka 2007 katika Shirika la Biashara la Dunia. Viwanda vya nguo, viatu na vyombo vya umeme vikamiminika. Kampuni ya Samsung ya Korea ya Kusini ilianza kutengeneza simu katika mkoa wa Bac Ninh mwaka 2009, na baadaye Vietnam ikawa mojawapo ya vituo vyake vikuu vya simu duniani.

Hayo ni mafanikio, wala hatuoni haya kuyasifu. Lakini mwenye kusifu na aseme yote. Kiasi cha asilimia 70 ya bidhaa ambazo Vietnam huziuza nje hutoka katika makampuni ya wageni, na wakuu wa nchi hiyo wenyewe wamekuwa wakilalamika kwamba viwanda vya wenyeji havijapata sehemu ya kutosha katika kazi hiyo, kwa kuwa vifaa vingi vya kuunganishia huletwa kutoka nje. Basi hata huko Vietnam swali letu la Sudi linaulizwa: mgeni amekuja, je, mwenyeji amepona?

Sasa tuingie katika korosho, maana hapa ndipo penye fundisho ambalo wasifu wengi hawalisemi. Mkorosho si mti wa asili wa Vietnam, kama usivyokuwa wa asili wa Lindi. Ulitoka Brazil, na Wareno ndio walioueneza katika pwani ya Afrika ya Mashariki na India katika karne ya 16. Hata katika miaka ya 1980 Vietnam ilikuwa ikifanya kama tunavyofanya sisi: ikiuza korosho ghafi kwa wabanguaji wa India. Lakini mwaka 2006 iliipita India, ikawa ya kwanza duniani katika kuuza korosho zilizobanguliwa. Ni nani aliyeijengea viwanda hivyo? Kwa sehemu kubwa si makampuni makubwa kutoka ng'ambo. Ni Wavietnam wenyewe, katika karakana ndogo ndogo na hata katika nyumba za watu, hasa katika mkoa wa Binh Phuoc. Waliacha kukaanga kwa mafuta, wakapika korosho kwa mvuke. Walianza kupasua kwa mikono, tena kwa vyombo vya kukanyagwa kwa mguu. Vijana walipovutwa na viwanda vya nguo na viatu na mikono ikaadimika, mafundi wa huko huko wakabuni mashine za kupasua, za kumenya na za kuchagua. Mashine ikiharibika, aliyeiunda yupo mtaa wa pili.

Linganisheni na yaliyotupata sisi. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000, nasi tulikuwa miongoni mwa wakubwa wa dunia. Tukasema, na tulisema kweli, kwamba haifai kuuza ghafi. Tukakopa fedha, pamoja na za Benki ya Dunia, tukaagiza mashine kubwa kutoka Italia na Japani, tukajenga viwanda 12, vingi vyao huku Kusini: Lindi, Mtama, Nachingwea, Masasi, Newala, Mtwara. Lakini viwanda vilipokuwa vikisimama, korosho zenyewe zilikuwa zikianguka. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Bei waliyolipwa ilikuwa ndogo mno. Na ugonjwa wa ubwiriunga ukayakausha maua mitini. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa hayazidi sana tani 16,000. Viwanda vikakosa korosho, vikakosa vipuri, vikafungwa mmoja baada ya mwingine, na kisha vikauzwa kwa watu binafsi. Vingine vikawa maghala ya kuwekea korosho ghafi zingojeazo meli. Nia haikuwa mbaya. Kosa lilikuwa kununua kiwanda kabla ya kumtunza mkulima, na kununua mashine kabla ya kumfundisha fundi.

Wala halikuwa kosa la kwanza la namna hiyo kuonekana katika Kusini. Wazee bado wanasimulia Mpango wa Karanga ulioanzishwa na Serikali ya Kiingereza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa, misitu ikang'olewa. Na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Hata reli yenyewe ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya 1960, na vyuma vyake vikaondolewa. Mtaji wa nje ulikuwapo kwa wingi. Kilichokosekana ni kuuliza ardhi inasemaje, mvua inasemaje, na mwenyeji anasemaje.

Basi twasema hivi: Vietnam haikupata korosho kwa kufungua mlango tu. Ilipata kwa sababu mgeni alipobisha hodi alimkuta mwenyeji kazini. Jambo hili si jipya kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba msingi ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mwaka 1990 na tena mwaka 1997 nchi yetu ilitunga sheria za kuwakaribisha wawekezaji, na hilo halikulifuta fundisho lile. Mtaji ni mbolea. Mbolea isiyo na mbegu haioti kitu.

Tutazame sasa hesabu ya gunia. Kilo nne za korosho ghafi hutoa kilo moja tu, au pungufu kidogo, ya korosho iliyobanguliwa. Maana yake ni kwamba katika kila tani nne zinazopakiwa bandarini Mtwara, karibu tatu ni maganda na takataka. Twalipia nauli ya maganda kuvuka Bahari ya Hindi! Na maganda hayo si uchafu. Ndani yake mna mafuta yanayotumika viwandani, kama vile kutengenezea breki za magari na rangi, na yanayobaki hufaa kuwa kuni za kuchemshia mvuke wa kiwanda chenyewe. Pamoja na ganda twasafirisha kazi ya mama aliye Sudi, ya kijana aliye Mtama, na ya fundi ambaye hajapata mashine ya kujifunzia.

Wananchi wengi hawajui kwamba katika biashara hii sisi hatuko wanyonge. Mikorosho ya Vietnam na ya Afrika ya Magharibi huvunwa katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Yetu huvunwa kuanzia Oktoba, wakati ambapo maghala ya wabanguaji wa Asia yamekwisha kupungua. Vietnam haivuni korosho za kutosha viwanda vyake. Sehemu kubwa huzinunua nje, kwa jirani yake Kambodia na kwetu Afrika. Katika msimu wa 2024/25 mavuno ya nchi yetu yalipita tani 500,000. Mwenye kiwanda kisicho na korosho ana shida kama mwenye korosho asiye na kiwanda. Huo ndio msingi wa mapatano ya watu sawa, si wa mwombaji na mfadhili.

Na wageni wa Asia wamekwisha kuifahamu njia ya kuja kwetu. Kampuni ya Viettel, mali ya jeshi la Vietnam, ilianza kazi ya simu nchini mwaka 2015 kwa jina la Halotel. Mwaka 2014 kampuni ya Pavilion ya Singapore ilinunua sehemu katika vitalu vya gesi vilivyo katika bahari ya Kusini, na mwaka 2019 Medco ya Indonesia ikaingia humo kwa kuinunua kampuni ya Ophir. Waweza kuja hata kwa korosho. Tunalotaka ni kwamba wakija tuwe na maneno manne ya kuwaambia.

La kwanza, aje kubangua hapa, wala asije kufungua ofisi ya kununulia ghafi na kuiita kiwanda.

La pili, aje na ufundi unaofundishika. Mashine ndogo ambayo fundi wa Lindi aweza kuifungua na kuifunga ina faida kuliko kubwa inayongoja kipuri miezi sita.

La tatu, mfanyakazi alindwe. Kila aliyepata kubangua anajua jinsi utomvu wa ganda unavyochoma ngozi. Glavu, mshahara wa halali na chama cha wafanyakazi si zawadi ya tajiri. Ni masharti ya kazi.

La nne, mkulima awe na sehemu yake katika kiwanda kwa njia ya chama chake cha ushirika, ili faida isiishie mlangoni pa mwenye mtaji.

Lakini tukimwambia mgeni hayo, nasi tufagie nyumba yetu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho mwaka 2007, na minada ya Soko la Bidhaa iliyofuata, imemwezesha mkulima kuijua bei kabla ya kuuza. Hata hivyo yuko mkulima anayeuza korosho zingali mtini, kwa kangomba, kwa sababu mtoto anaumwa au ada ya shule imefika na hana pa kukopa. Huyo hanyonywi na Mvietnam. Ananyonywa na jirani yake. Vile vile wako viongozi wa vyama vya msingi wasioonyesha hesabu kwa wanachama wao. Nao wakumbuke kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama asiyehudhuria mkutano naye asishangae akikuta makato asiyoyajua.

Tena tusijidanganye kwamba kubangua kwataka amri tu. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, Serikali ilizinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuliagiza jeshi kuzisomba. Nia ilikuwa kumlinda mkulima; lakini viwanda vya kubangua mzigo huo havikuwapo, na wakulima wengi waliteseka kwa kungoja malipo. Tukifunga leo mlango wa ghafi kabla karakana hazijawa tayari, bei itaanguka na atakayeumia ni yule yule wa Sudi. Kwa hiyo tuanze kwa mpango: mwaka huu sehemu hii ibanguliwe nyumbani, mwaka ujao iongezwe, na kila mwaka hesabu isomwe mbele ya wananchi. Watafiti wa Naliendele walitufundisha kuushinda ubwiriunga kwa salfa na kupanda miche bora. Tulipowasikiliza, mikorosho ilifufuka. Vyuo vyetu vya ufundi na viyashike mambo ya mashine kama Naliendele ilivyoushika mti.

Ndugu wakulima na wafanyakazi, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji alale mgeni ampikie. Yule wa Sudi aliye chini ya mkorosho wake, akiokota korosho moja moja na kuitenga na bibo lake, amekwisha kufanya sehemu yake ya kazi. Imebaki yetu sisi wengine: ya kuhakikisha kwamba gunia lake linapofika bandarini, limebeba korosho, halikubeba maganda na ajira za watoto wake.