Saa ya Mikate ya Dada

Dada yangu anachoma mikate hapa Nzilo, jirani na bwawa la mto Lualaba, nami ndiye niliyemtengenezea saa ya kuhesabu dakika kwenye simu. Ya kwanza ilinitia aibu. Ukibonyeza "Anza" mara mbili, saa mbili zinakimbia pamoja: dakika 30 zinaisha kwa 15. Mikate ikatoka mibichi.

Nikaiandika upya kwa Elm, lugha aliyoibuni Evan Czaplicki mwaka 2012. Humo huwashi saa, unatangaza tu unachotaka. Hali ikiwa "inahesabu", niletee habari kila milisekunde 1000. Ikiwa "imesimama", sitaki habari. Bonyeza hata mara kumi, hali ni ileile, saa ni ileile. Habari ikifika, fanksheni inapokea hali ya zamani na kurudisha mpya, basi.

Nikakosea tena, maana kila habari ilipoingia nilipunguza sekunde moja. Dada akihamia WhatsApp, kivinjari kinapunguza kasi ya ukurasa uliofichika na sekunde zinapotea. Dawa yake: hifadhi muda wa kumaliza, kisha kila mara toa humo muda wa sasa. Habari ichelewe itakavyo, hesabu haiharibiki.

Sasa anaitumia kila alfajiri. Analalamika tu kwamba haina mlio.