Uchumi wa Kijani Nakuru: Chama cha Wafanyakazi Kina Kazi Gani?

Anayepita barabara ya Moi South Lake, Naivasha, huona mambo mawili kwa safari moja. Upande wa ziwa kuna grinhausi za maua zilizopangana mkabala na maji. Upande wa Hell's Gate, mvuke mweupe unapanda angani kutoka visima vya Olkaria. Maua na mvuke vimewapa riziki maelfu ya wakazi wa Kaunti ya Nakuru, na sekta zote mbili zinabadilika kwa sababu ya mazingira.

Wakazi wengi wamesikia maneno "uchumi wa kijani" redioni na kwenye baraza. Kwa lugha nyepesi, ni kuzalisha mali na umeme bila kuchafua hewa, maji na udongo kama ilivyokuwa awali. Umeme utoke kwenye mvuke, jua na upepo badala ya mafuta mazito. Shamba litumie dawa kidogo na maji kidogo. Hayo yanakubalika kwa urahisi. Swali ambalo halijadiliwi sana ni hili: kazi ikibadilika, nani anabeba gharama? Ni mwenye kampuni, ni serikali, au ni kibarua ambaye anaambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu asirudi?

Hapo ndipo vyama vya wafanyakazi vinapoingia. Dai la "mabadiliko ya haki" lilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Nchini Marekani, Tony Mazzocchi, aliyekuwa kiongozi katika chama cha wafanyakazi wa mafuta, kemikali na atomiki, alitetea hoja kwamba mtu anayepoteza kazi kwa sababu kiwanda kinachochafua kimefungwa asaidiwe kusoma na kuanza upya. Hoja hiyo ilisafiri hadi kwenye Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, ambao Kenya imeuridhia. Utangulizi wake unataja mabadiliko ya haki kwa wafanyakazi na kazi zenye staha. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa mwongozo kuhusu jambo hilo.

Mfano wa mashamba ya maua

Waridi lina adui anayeitwa utitiri, mdudu mdogo sana anayefyonza majani hadi yanageuka rangi. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa ni kupulizia kemikali. Siku hizi mashamba mengi hufuga na kuachilia utitiri wa aina nyingine, ambao hauli maua bali hula ule utitiri mharibifu. Kemikali zinapungua, jambo ambalo ni afueni kwa ziwa, kwa wanunuzi wa Ulaya na kwa mapafu ya aliye ndani ya grinhausi.

Lakini tazama kinachotokea kwa wafanyakazi. Wapiga dawa wanaohitajika ni wachache. Wanaohitajika zaidi ni maskauti, yaani wale wanaotembea mstari kwa mstari wakikagua majani, kuhesabu wadudu na kuandika. Kazi hiyo inahitaji macho makali, kusoma na mafunzo. Je, mpiga dawa wa miaka 12 atafunzwa uskauti, au ataajiriwa kijana mpya aliyetoka chuoni? Akihamishwa, mshahara wake utashuka? Na kwa kuwa ameshika kemikali muda wote huo, nani ataendelea kumpima afya baada ya kuacha kupulizia?

Sheria haijajibu maswali hayo yote moja kwa moja. Hujibiwa mezani, katika mkataba wa pamoja ambao wengi huujua kama CBA. Kwa wafanyakazi wa mashamba makubwa, chama kinachokaa kwenye meza hiyo ni KPAWU, na kwa upande wa pili hukaa waajiri wa kilimo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kilichosajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Chama kikishatambuliwa, mwajiri hana budi kujadiliana nacho, na lazima atoe habari zinazohitajika ili mazungumzo yawe ya maana. Mkataba ukisajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, unakuwa sehemu ya mkataba wa ajira wa kila mfanyakazi unaomhusu.

Kwa miaka mingi mazungumzo haya yamehusu nyongeza ya mshahara, nyumba na likizo. Hayo bado yana uzito wake, hasa kwa akina mama, ambao ndio wengi katika kazi ya maua. Ila hakuna sheria inayozuia chama kuweka mezani mafunzo kabla ya mashine au mbinu mpya kuletwa, haki ya kuhamishiwa kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara, na vipimo vya afya kwa walioshika dawa. Mfanyakazi anayetaka kujua kama mambo hayo yamo katika mkataba wake anaweza kumuuliza mwakilishi wa chama kazini. Nakala ya CBA si siri.

Kazi ikiondolewa

Wakati mwingine mafunzo hayatoshi na nafasi zinaondolewa kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, imeweka masharti. Mwajiri lazima akiarifu chama pamoja na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Asiye mwanachama huandikiwa barua yeye binafsi, na afisa wa leba pia hujulishwa. Kuchagua nani aondoke huzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kazi, si upendeleo. Siku za likizo ambazo hazijachukuliwa hulipwa taslimu. Juu ya hayo kuna fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Tuchukue mpiga dawa yule wa miaka 12. Siku 15 mara 12 ni siku 180. Tuseme alilipwa shilingi 600 kwa siku. Fidia yake haipungui shilingi 108,000, mbali na likizo na notisi. Kiwango cha siku 15 ndicho cha chini kabisa kisheria. Chama chenye nguvu kinaweza kujadiliana kipate zaidi ya hapo, na hapo ndipo ada ya kila mwezi inayokatwa kwenye mshahara huonekana faida yake.

Olkaria na wale wasiohesabiwa

Olkaria ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Leo mvuke ndio chanzo kikubwa zaidi cha umeme wa Kenya, na huko Menengai, karibu na mji wa Nakuru, mtambo wa kibinafsi wa megawati 35 ulianza kazi mwaka 2023. Kwa kipimo cha mazingira, Nakuru iko mbele ya nchi nyingi tajiri.

Kazi ya kijani, hata hivyo, haiwi salama kwa sababu tu ni ya kijani. Visima vya mvuke hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai bovu. Ikiwa nyingi, gesi hiyo huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo anayedhani harufu imeisha huenda yuko katika hatari kubwa zaidi. Kuna kelele kali kisima kinapofunguliwa kupimwa, na kuna mvuke unaounguza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao humo. Kamati isiyokutana, au inayokutana kusaini karatasi tu, haimkingi mtu.

Wafanyakazi wa kudumu wa sekta ya umeme wana chama chao, KETAWU. Tatizo liko kwa wale wanaoajiriwa na wanakandarasi. Mtambo unapojengwa, huhitajika mamia ya watu wa kuchimba, kuchomelea mabomba na kupika. Ukikamilika, wachache sana hubaki kuuendesha. Wengi wa hawa wa muda huitwa vibarua hata baada ya miezi mingi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazojumlika mwezi mmoja au zaidi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi 3, huhesabiwa kama mfanyakazi wa mkataba wa mwezi, pamoja na haki zake. Vibarua wengi hawalijui hili, na vyama navyo vimekawia kuwafikia. Hali ni hiyo hiyo kwa mafundi wa sola mitaani: wanatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya EPRA, lakini chama cha kuwasemea ni nadra kukiona.

Kilichotokea Kericho ni onyo la karibu. Mashine za kuchuma majani chai hazikuletwa kwa jina la mazingira, lakini mvutano wake ni ule ule: kazi inabadilika na anayeifanya anahisi hakuulizwa. Suala hilo limezunguka kwa miaka mingi kati ya waajiri, KPAWU na mahakama, na mwaka 2023 mashine kadhaa zikateketezwa na waandamanaji. Hasara ilikuwa ya kila upande.

Kaunti na mfanyakazi

Masuala ya ajira ni ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haina mamlaka ya kusajili chama wala kuamua kesi ya mfanyakazi. Katiba imeipa kaunti vyuo vya ufundi, kilimo na mipango ya maendeleo, na hapo mkazi ana nafasi ya kusema. Mikutano ya umma kuhusu bajeti na mpango wa maendeleo iko wazi kwa vyama pia. Kozi gani zifundishwe katika chuo cha ufundi cha wadi, za sola, mabomba au ukaguzi wa wadudu, ni jambo ambalo mwakilishi wa wafanyakazi anaweza kulileta hapo akiwa na hoja kutoka kazini.

Kujiunga na chama ni haki chini ya kifungu cha 41 cha Katiba, na mwajiri haruhusiwi kumwadhibu mtu kwa hilo. Mfanyakazi hutia saini Fomu S, na makato huanza ndani ya siku 30. Aliyefutwa kazi kwa njia anayoona si ya haki apeleke malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Madai mengine ya ajira hufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3, na Mahakama ya Ajira ina kituo mjini Nakuru. Abebe kitambulisho, barua ya ajira ikiwa anayo, stakabadhi za mshahara na barua yoyote aliyopewa siku ya kuondoka. Asiye na barua ya ajira asikate tamaa: ni jukumu la mwajiri kuweka rekodi hizo, na kukosekana kwake hakumwondolei mfanyakazi haki.