Matawi Yetu Yana Mabenchi, Yanakosa Masikio

Yako maradhi ambayo mtu akiugua, jirani humletea uji. Na yako maradhi ambayo mtu akiugua, jirani hufunga mlango. Maradhi ya akili ni ya namna hii ya pili. Mfanyakazi aliyevunjika mguu hupewa pole kiwandani mwote. Aliyelemewa na mawazo hata halali usiku huitwa mvivu, au mlevi, au husemwa amerogwa. Kwa hiyo wengi hunyamaza. Lakini wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Twataka leo kuwaeleza wanachama na wafanyakazi habari ya kazi iliyofanywa katika mji wa Harare, nchini Zimbabwe, kwani twaamini ina fundisho kubwa kwetu.

Mwaka 2005 Serikali ya nchi hiyo ilibomoa vibanda na nyumba zilizosemekana kujengwa mijini bila kibali. Umoja wa Mataifa ulimtuma Mtanzania mwenzetu, Mama Anna Tibaijuka, kwenda kuchunguza, na taarifa yake ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walikuwa wamepoteza makazi, au riziki, au vyote viwili. Mtaa wa Mbare, wenye wachuuzi na wafanyakazi wengi, ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyopatwa. Mtu aliyebomolewa kibanda hapotezi mabati tu. Hupoteza na usingizi wake.

Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda, mtaalamu wa maradhi ya akili, alitaka kuwasaidia watu wa Mbare. Hakuwa na chumba, wala hakupewa wauguzi. Alichopata ni akina bibi 14 waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa mtaani, na nafasi ya kuweka benchi nje ya zahanati. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakaliogopa. Akina bibi wenyewe ndio walioshauri liitwe Benchi la Urafiki. Penye wazee haliharibiki neno: watu wakaanza kuja.

Kazi ya benchi hilo ina utaratibu wake. Mgonjwa huulizwa kwanza maswali 14 kwa lugha yake ya Kishona, kuhusu usingizi wake, machozi yake, na kuwaza kwake kupita kiasi, jambo ambalo Washona huliita kufungisisa na sisi husema mtu ana mawazo. Kisha huyataja matatizo yake yote, na kuchagua moja la kushughulikia kwanza. Bibi hamhubirii wala hamwamuru. Humsaidia kutafuta hatua ndogo anayoiweza, naye huenda kuijaribu na kurudi kueleza ilikwendaje. Hukutana hivyo hata mara sita. Baadaye hukaribishwa katika kikundi cha wenzake waliopita njia hiyo hiyo, ambao huzungumza huku mikono yao ikifuma mikoba ya kuuza.

Je, yafaa kitu? Wataalamu waliipima kazi hiyo katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika kila watu 100 waliopata huduma ya kawaida, wapatao 50 walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa wale waliokaa benchini, walikuwa wapatao 14 tu. Tangu hapo benchi limevuka mipaka, likafika Malawi, na hata kwetu Zanzibar.

Asiwepo ye yote wa kusema kwamba jambo hili ni la kigeni. Nchini Nigeria, mwaka 1954, Daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wa Aro, karibu na mji wa Abeokuta, katika nyumba za wanavijiji, wakiwa pamoja na jamaa zao, badala ya kuwafungia ndani ya kuta. Tanzania nayo, baada ya Uhuru, ilianzisha vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa wa akili walilima na kuishi kama watu. Msingi ni mmoja: mtu huponea kwa watu.

Hata hivyo, hatusemi kwamba benchi laweza kuwa badala ya hospitali. Yako maradhi ya akili yanayohitaji dawa na daktari, na Hospitali ya Mirembe kule Dodoma ipo kwa sababu hiyo. Akina bibi wa Mbare walifundishwa kwanza, husimamiwa na wataalamu, na wakimwona mtu anayetaka kujiua humpeleka kwao mara moja. Benchi lisilo na mafunzo wala msimamizi lingeweza kudhuru. Na benchi lisilotunza siri si benchi la urafiki, ni baraza la umbeya.

Basi twawauliza viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi: ni tawi gani lisilo na benchi mbele ya ofisi yake? Mabenchi tunayo, nayo hukaliwa tangu asubuhi kwa bao na siasa. Yanayokosekana ni masikio. Kila tawi lichague wazee wawili au watatu, wake kwa waume, wanaoaminiwa na majirani zao. Liwapeleke kwa mganga mkuu wa wilaya, na kumwomba awafundishe na kuwasimamia. Liweke akiba ndogo ya nauli kwa mgonjwa anayepaswa kwenda hospitali, maana wako waliokosa tiba kwa kukosa nauli tu. Na balozi wa shina, akiona mlango wa jirani haufunguliwi siku ya tatu, abishe hodi.

Chama kilichojifunza kuwahesabu watu wakati wa uchaguzi hakiwezi kushindwa kuwasikiliza wakati wa dhiki. Mkutano ujao wa tawi uliweke jambo hili katika ajenda, wala lisiwe la mwisho.