Soma Ubao wa Matangazo Kabla ya Kupakia Mzigo

Najua wengi mnasubiri mada ya kantangaze kwenye nyanya, nayo inakuja. Leo nataka tuzungumze kitu ambacho hakipigwi dawa: mji wetu. Siku zake, shughuli zake, huduma za halmashauri, na namna vyote hivyo vinavyoingia mfukoni mwako au kutoka humo bila wewe kujua.

Mimi ni bibi shamba, kama wanavyoniita huku Nyanda za Juu Kusini, na wateja wangu wengi wanauza kwenye miji midogo ya barabarani. Chukua Makambako: barabara ya Tanzam inakutana pale na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Miji ya aina hii inaishi kwa mzigo. Wanunuzi wa jumla wako macho alfajiri, na jua likishapanda walionunua wameshaondoka. Kijana wa leo anajua bei ya mbegu chotara mpaka shilingi ya mwisho, lakini muulize Mwenge unapita lini kwenye halmashauri yake, anacheka. Anaona hayo ni mambo ya viongozi.

Haya, tuanze na usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na sehemu nyingi biashara hazifunguliwi mpaka saa nne asubuhi. Kuna kijana mmoja alivuna nyanya Ijumaa jioni, akakodi Canter, akafika kwenye mji ambao sitautaja saa kumi na moja alfajiri, akakuta geti la soko limefungwa na watu wana mafagio. Mpaka geti linafunguliwa, wanunuzi wa safari ndefu walikuwa wameshajaza kwingine. Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kreti ingeuzwa 25,000 alfajiri na mchana ikashuka hadi 15,000. Kwa kreti 40 umeacha 400,000 hapo getini, na nyanya zimeshaanza kulainika. Hakuna ugonjwa hapo, hakuna mvua ya mawe. Ni Jumamosi tu. Angevuna Alhamisi, au angesubiri Jumapili nyanya zikiwa bado kwenye mti, hasara hiyo isingekuwepo.

Mwenge wa Uhuru nao ni hivyo hivyo. Unazunguka halmashauri zote nchini, na kwa miaka ya karibuni mbio zimekuwa zikianza Aprili na kufikia kilele tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Siku unapoingia kwenu, barabara zina msafara, watendaji wote tuko huko, na ukienda ofisini kutafuta saini hutampata mtu. Usipange kuhamisha mzigo siku hiyo. Lakini igeuze upande wa pili uone: panapolala Mwenge pana mkesha, na mkesha unakula. Mama lishe wanahitaji nyanya, vitunguu, kabichi, kuku, mchele. Ratiba ya halmashauri hujulikana mapema, na eneo la mkesha huandaliwa kabla. Aliyekwenda kwa mama lishe wiki mbili kabla akaweka oda, huyo ndiye mfanyabiashara. Anayekuja na tenga lake usiku ule ule atauza kwa bei ya kubembeleza.

Sasa tuje kwenye sikukuu, maana hapa ndipo penye hela, na hapa ndipo naona vijana wanalima kwa mazoea. Soko la Krismasi halianzi Desemba. Linaanza kitaluni. Nyanya inakaa kitaluni wiki tatu mpaka nne, halafu ukishahamishia shambani unahesabu kama siku 75 mpaka 90 kufikia mavuno ya kwanza, kutegemea mbegu na baridi ya kwenu. Ukirudi nyuma kutoka wiki ya Krismasi, mbegu inatakiwa iwe ardhini kati ya mwishoni mwa Agosti na katikati ya Septemba. Sisi wa nyanda za juu tuongeze siku kadhaa, kwa sababu baridi ya Agosti huku inachelewesha miche. Mfungo wa Ramadhani ni mtamu zaidi kwa mwenye tikiti maji, viazi vitamu na mihogo, ila una hila yake: kila mwaka unarudi nyuma kwa siku 10 au 11. Aliyepanda tikiti kwa tarehe ile ile aliyopanda miaka mitatu iliyopita ameshachelewa mwezi mzima. Chukua kalenda, weka alama, hesabu kurudi nyuma. Shule pia usizisahau: zinafungua Januari na Julai, na maharage na mahindi yake hayanunuliwi siku ya kufungua.

Na hapo kwenye kununua, kuna mlango ambao vijana wachache sana wanaugonga. Shule, hospitali na halmashauri zenyewe zinanunua kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Sheria ya ununuzi inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa makundi maalumu, na vijana wamo. Kikundi kikiwa kimesajiliwa kwenye mfumo, kinaomba. Kikiwa hakijasajiliwa, zabuni ya maharage inampita mkulima inaenda kwa mwenye duka, ambaye atakuja kununua maharage yako hayo hayo kwa bei ya shambani. Ofisi ya maendeleo ya jamii pamoja na kitengo cha ununuzi pale halmashauri ndio wa kuwauliza. Nenda na simu yenye chaji na uvumilivu, maana usajili una hatua nyingi.

Tuzungumze mkopo. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu huu ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi mwaka uliofuata ukiwa na masharti mapya, na maombi yake sasa yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki. Ninachokiona mimi ni hiki: tangazo linabandikwa, na ndipo kikundi kinaanza kuandika katiba, kutafuta muhtasari, kufungua akaunti ya benki. Wakimaliza, dirisha limefungwa. Halafu lawama zote kwa ofisi. Katiba, usajili wa kikundi na akaunti ni kazi ya leo, hata kama hakuna tangazo lolote ukutani.

Jambo la pili la mkopo ni la kilimo kabisa. Pesa ya halmashauri haifuati mvua. Huku kwetu mahindi yanapandwa Novemba na Desemba, wakati fedha inaweza kutoka Machi, mahindi yakiwa yamebeba. Ukiandika andiko la mahindi ya mvua, utapokea hela ya mbolea wakati mbolea haina kazi, na hapo ndipo hela ya kikundi inapogeuka pikipiki ya mtu mmoja. Andikeni kitu kisichotegemea masika: pampu ya kumwagilia vinyungu, banda na vifaranga, mashine ya kupukuchua mahindi. Hivyo vinafanya kazi mwezi wowote fedha itakapotoka. Marejesho nayo yapangeni kwa mavuno, msiyapange kwa matumaini. Ule ni mkopo, unarudi ili kikundi kingine kipate.

Huduma ya mbolea ya ruzuku wengi mmeizoea tangu ilipoanza msimu wa 2022/2023, kwa hiyo sitaikalia. Neno moja tu: ukubwa wa shamba ulioandikishwa ndio unaoamua mifuko. Kama mwaka jana ulilima ekari mbili na mwaka huu umekodi tano, nenda ukahuishe taarifa zako kwa mtendaji kabla msimu haujapamba moto. Kila Novemba kuna mtu analia dukani kwa wakala, na wakala hana la kufanya.

Ushuru wa mazao ndio unaoleta ugomvi mwingi mageti ya barabarani, na ugomvi huo mara nyingi unatoka kwenye kutojua. Mabadiliko ya mwaka 2017 yaliushusha kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mabadiliko hayo hayo yakausamehe mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Halafu, kisheria anayelipa ni mnunuzi, siyo wewe uliyelima. Kwa hiyo ukimuuzia mtu shambani, ushuru si wako, na usikubali akukate kwenye bei. Ukisafirisha mwenyewe na ukalipa, dai risiti ya mashine ya POS na uitunze mpaka mzigo ushuke. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu haikusaidii geti linalofuata.

Hapa niingize habari ya lumbesa, maana watu wa viazi mnajiumiza mara mbili. Tani moja ni magunia kumi ya kilo 100. Ukikubali gunia lishonewe kofia hadi lifike kilo 130, magunia manane tu yanakupeleka kilo 1,040, umeshavuka tani. Yaani umempa mnunuzi kilo 240 bure, na kwenye geti umepoteza msamaha. Lumbesa imekatazwa na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, na zoezi likifika kwenye mji wenu hutangazwa. Siku hiyo peleka mizani ya kikundi ikagongwe muhuri. Mnunuzi akikuta vijana wana mizani yenye muhuri wa mwaka huu, maongezi yanabadilika. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Sasa mikutano. Najua mnapiga miayo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na pale ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Pale pale ndipo inapoamuliwa nguvu za wananchi ziende kwenye darasa, zahanati au barabara ya kwenda bonde la umwagiliaji. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini mipango inakusanywa na kujadiliwa miezi mingi kabla, wakati ninyi mko kwenye kupalilia. Kufika Julai, barabara ambayo haikuandikwa haipo. Vijana mnaolima bondeni mnalipa bodaboda kila kreti kutoa mzigo mpaka barabara kuu, lakini kwenye mkutano wanakaa wazee ambao shida yao ni nyingine, na hawana kosa, wao wamekuja. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi kwa mwananchi kuingia na kusikiliza. Ukikaa mara moja tu utajua soko jipya linajengwa wapi kabla dalali hajajua.

Nane Nane imebaki. Maonyesho ni tarehe 1 hadi 8 Agosti, na kanda yetu tunakwenda uwanja wa John Mwakangale, Mbeya. Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Julai, simu yangu inaita: "Dada, na mimi nataka kupeleka mazao yangu kwenye banda la halmashauri." Mdogo wangu, vipando unavyoviona pale vimestawi Agosti vilipandwa miezi kadhaa nyuma, na orodha ya wakulima tunaokwenda nao imeshapita mezani kwa watu. Njoo mwezi wa nne. Njoo na kitu ambacho mwingine hana: parachichi zilizopangwa kwa daraja, unga uliofungwa vizuri wenye nembo, mbegu za viazi zilizokaguliwa. Na ukienda kama mtazamaji tu, usizunguke na ice cream siku nzima. Kwenye mabanda ya watafiti na ya wauza pembejeo kuna watu ambao siku za kawaida ungesafiri mbali kuwafuata. Andika maswali yako matatu kabla ya kupanda basi.

Wengine wataniuliza matangazo haya yanapatikana wapi. Yapo sehemu tatu: ubao wa ofisi ya kata, ubao wa halmashauri, na kundi la WhatsApp la kata, ingawa hilo la mwisho limejaa salamu za asubuhi kuliko taarifa. Kwenye vikundi ninavyovisimamia tumekubaliana hivi: kila Jumatatu mtu mmoja, kwa zamu, anapita kwenye ubao wa kata akienda au akirudi sokoni, anapiga picha kila karatasi mpya na kuituma kwa wenzake. Dakika tano. Wiki iliyopita picha iliyokuja ilikuwa ya katizo la maji upande wa sokoni, na waliokuwa wamepanga kwenda kuoshea karoti pale wakaoshea mtoni nyumbani. Zamu ya Jumatatu hii ni ya kikundi cha vitunguu.