Mgonjwa wa Parkinson na Kupaliwa: Dalili Ambazo Familia Isizipuuze

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Familia zenye wagonjwa wa Parkinson, maradhi ambayo wengi wetu tunayaita ya kutetemeka, huuliza sana kuhusu saumu, udhu na sala ya mgonjwa wao. Mara nyingi ndani ya suali la hukumu limo jambo jengine la kutazamwa kwanza: mgonjwa huyu anamezaje? Mtu anauliza kama udenda unaomtoka baba yake unaharibu sala, naye hajui kuwa udenda huo ni dalili ya koo linalodhoofika. Basi tueleze kwanza dalili, kisha hukumu zinazofungamana nazo.

Maradhi yanavyofika kooni

Parkinson ni maradhi ya ubongo. Daktari wa Kiingereza, James Parkinson, aliyaeleza mwaka 1817 na jina lake likabaki. Seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo. Kemikali hiyo ikipungua, mwendo huwa mzito, viungo hukakamaa na mkono hutetemeka. Waislamu wengi waliyajua maradhi haya kupitia bondia Muhammad Ali, Allah amrehemu, aliyeishi nayo zaidi ya miaka 30 mpaka alipofariki mwaka 2016.

Sisi huona mkono na mguu, lakini kumeza nako ni kazi ya misuli. Ulimi husukuma tonge nyuma, koo hulipokea, na njia ya pumzi hufungwa kwa muda mfupi ili chakula kipite upande wake. Kwa mgonjwa wa Parkinson, ulimi husukuma polepole na mlango wa pumzi huchelewa kufunga. Chakula, maji au hata mate huteleza kuelekea mapafuni. Huko ndiko kupaliwa.

Mgonjwa mwenyewe huenda asijue

Hapa ndipo penye khatari. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonesha kwamba wagonjwa wa Parkinson wakiulizwa kama wana tatizo la kumeza, kiasi cha mmoja katika watatu husema ndiyo. Wakipimwa kwa vipimo, wenye tatizo hufika wanane katika kumi. Wengi hawafichi, bali mabadiliko huja taratibu na hisia za koo hupungua, mtu akazoea.

Wala tusidanganyike kwamba asiyekohoa yuko salama. Wapo ambao maji huingia katika njia ya pumzi kimya kimya, bila ya kikohozi. Baada ya siku chache hutokea homa na kifua. Akitibiwa hupona, kisha hurudia tena, na watu husema ni uzee au upepo mbaya. Nimonia ya namna hii ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa wa Parkinson. Basi jicho la anayekaa naye kwenye chakula ndilo la kutegemewa.

Mambo ya kutazama

1. Anakohoa au kusafisha koo wakati wa kula au muda mfupi baadae, hasa akinywa maji au chai.
2. Sauti inakuwa ya majimaji baada ya kunywa. Mtake aseme neno, umsikilize.
3. Udenda unamtoka. Mara nyingi si kwamba mate yamezidi, ni kwamba hayamezi kama zamani.
4. Chakula alichokuwa akikimaliza kwa robo saa sasa kinamchukua saa nzima.
5. Chakula kinabaki mashavuni au juu ya ulimi, au tonge moja analimeza mara mbili tatu.
6. Vidonge vinakwama, au vinakutwa mdomoni baada ya muda.
7. Anaepuka vyakula alivyovipenda. Urojo ni mfano mzuri: maji na vipande katika bakuli moja humtatiza mwenye koo dhaifu. Halwa na tende hunata, kashata humeguka chembe chembe.
8. Anakonda, nguo zinampwaya, au mkojo umekuwa mchache na mzito kwa kuogopa kunywa.
9. Homa au kifua kinachorudi rudi bila ya sababu kujulikana.

Dalili moja ikijirudia inatosha kumpeleka hospitali. Andikeni kwa wiki moja: alikula nini, saa ngapi, alikuwa ameshakunywa dawa au bado, na kilichotokea. Karatasi hiyo itamsaidia sana daktari. Anzeni kituo cha karibu, au Mnazi Mmoja kwa Unguja na Abdulla Mzee kwa Pemba, na muulize wazi kuhusu kupimwa kumeza. Wapo wataalamu wa matamshi na kumeza, ingawa ni wachache nchini. Wao humpa mgonjwa maji kwa kipimo wakimwangalia. Pakihitajika zaidi, hupigwa eksirei inayoonesha chakula kikipita kooni, au huingizwa kamera nyembamba kupitia puani. Msijaribu nyumbani kumpa glasi nzima ya maji ili kumpima.

La kufanya wakati mkisubiri

Mkalisheni wima anapokula, na abaki amekaa nusu saa baada ya chakula. Mtume wetu, rehma na amani zimfikie, hakuwa akila hali ya kuegemea, na alikuwa akinywa kwa kupumua nje ya chombo mara tatu, si kwa mkupuo mmoja. Sunna hii kwa mgonjwa wetu ni kinga. Matonge yawe madogo, na asizungumzishwe akiwa na chakula mdomoni. Apewe chakula wakati dawa imeshafanya kazi. Dawa ya levodopa kwa kawaida hunywewa kama nusu saa kabla ya kula. Vidonge visipondwe bila ya kumuuliza mfamasia, kwani vipo vinavyoharibika vikipondwa, wala dawa isikatishwe ghafla.

Mdomo usafishwe asubuhi na usiku, kwa mswaki au miswaki, kwa sababu uchafu wa mdomoni ukiteremka na mate mpaka mapafuni huzidisha nimonia.

Na hili nalisisitiza: mgonjwa asinyweshwe chochote akiwa amelala chali, hata ikiwa ni zamzam au kombe. Baraka haipatikani kwa kumpalia mtu. Akalishwe kwanza, apewe kidogo kidogo. Akiwa hawezi kukaa au hana fahamu kamili, arowanishwe midomo kwa kitambaa tu.

Akikabwa hata hawezi kusema wala kupumua, msimpe maji. Muinamisheni mbele, mumpige mara tano kwa nguvu kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Ikishindikana, simama nyuma yake, mkumbatie, ubane juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara tano. Rudieni kwa zamu, huku mwengine akitafuta msaada.

Hukumu zinazoulizwa

*Udenda.* Mate ni twahara. Hayatengui udhu wala hayanajisi nguo. Asizuiwe msikiti kwa ajili hiyo. Mpeni kitambaa.

*Kusukutua.* Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kusukutua katika udhu ni sunna, si fardhi. Anayepaliwa na maji anaweza kuacha na udhu wake ni sahihi. Ila mabaki ya chakula mdomoni yaondolewe kabla ya sala.

*Saumu.* Suratul Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Dawa za Parkinson hunywewa mara kadhaa kwa siku kwa nyakati maalumu, na kuzichelewesha hukaza mwili na koo pamoja. Akifuturu hali amekakamaa na ana njaa, ndipo hupaliwa zaidi. Daktari muaminifu akisema saumu itamdhuru, asifunge. Na kwa kuwa maradhi haya hayatarajiwi kupona, atatoa fidya ya kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, apewe maskini. Mzee akilia kwa kuikosa Ramadhani, aambiwe kwamba aliyetoa amri ndiye aliyetoa ruhusa.

Ajali ya kila mtu ameiandika Allah, hilo hatuna shaka nalo. Lakini tumeamrishwa kushika sababu na tumekatazwa kujitia katika maangamizi, na wazazi wetu ni amana mikononi mwetu. Leo usiku, kaa na mzee wako anapokula, na umtazame anavyomeza.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowauguza. Wallahu a'alam.