Fahamu: Foleni ya chipsi Ipogolo hutoka wapi?

Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya huleta wateja kwa mafungu. Chukulia mgahawa umeongeza wahudumu lakini foleni haipungui. Kasoro iko jikoni: karai ni moja, na chipsi haziivi kwa kuhimizwa. Usimamizi wa uendeshaji huanzia hapo, kwenye hatua inayokwamisha nyingine zote.

Foleni hupimika pia. John Little, mtafiti wa Marekani, aliithibitisha kanuni yake ya foleni mwaka 1961: wakiingia wateja 12 kwa saa, kila mmoja akikaa nusu saa, ndani huwa na wastani wa watu 6.

Tena, huduma haiwekwi akiba kama bidhaa. Kiwanda cha maziwa cha Asas, hapohapo Iringa, kinaweza kuhifadhi maziwa yaliyosindikwa. Lakini mgahawa hauna ghala la huduma. Kiti kilichokaa kitupu saa nne asubuhi hakiuziki saa saba mchana.