Pua Kwanza, Kisha Mashine

Mashine ya CPAP, ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza mwaka 1981, ina kazi moja: kusukuma hewa kwa shinikizo ili koo la aliyelala lisijifunge. Kufungua pua si kazi yake. Zaidi ya nusu ya kizuizi ambacho hewa hukutana nacho ikielekea mapafuni kiko puani, na mafua ya mzio yanapovimbisha utando wa humo, mtu huanza kuhema kwa mdomo. Hewa ya mashine hutorokea mdomoni, mkondo wake hukausha pua, na pua iliyokauka huvimba tena. Mgonjwa huivua barakoa usiku wa manane akidhani mashine imemshinda, kumbe kilichomshinda ni pua. Kwa hiyo tiba ya mzio ni sehemu ya tiba ya usingizi, nayo haina budi kufuata majira ya mahali mgonjwa anapoishi.

Ushauri mwingi kuhusu mzio wa majira umeandikwa kwa nchi za baridi, ambako miti humwaga chavua kwa wiki chache baada ya theluji. Songambele, katika wilaya ya Kyerwa nchini Tanzania, kalenda ni nyingine. Mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha Machi hadi Mei, na nyasi huchanua zikishashiba maji. Juni hadi Agosti huja vumbi la barabarani, la kupura maharage, na moshi wa mbuga zinazochomwa. Utitiri wa vumbi, unaopenda unyevu, huishi kwenye godoro na mto bila kungoja msimu. Tofauti hizi zina maana kwa mwenye mashine. Chembe ya chavua ya nyasi ina upana wa takribani mikromita 20 hadi 40, hivyo chujio la kawaida la mashine huinasa. Chembe nyingi za moshi hazifiki mikromita 2.5, na hupenya. Anayebanwa na moshi hataokolewa na chujio jipya kama mashine inavuta hewa ya chumba kinachopakana na jiko la kuni. Naye anayepiga chafya kila alfajiri, masika na kiangazi, aanze na matandiko: ayafue kwa maji ya moto na kuanika godoro juani.

Mtu anaweza kupinga kwamba dawa ya pua haijathibitika kumsaidia mtumiaji wa CPAP. Ni kweli kwamba utafiti wa Dublin uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa dawa ya steroidi ya kupuliza puani haikuwafanya wagonjwa waitumie mashine zaidi, ingawa unyevu wa kupashwa moto ulipunguza kero za pua. Lakini wagonjwa wale hawakuchaguliwa kwa sababu ya mafua. Utafiti mwingine wa Dublin, wa mwaka 2004, uliwachukua watu wenye mafua sugu, na kwa waliokatikiwa pumzi usingizini dawa ya aina hiyo ilipunguza vipindi vya kukatika pumzi. Tafiti hizi hazipingani: dawa humfaa mwenye ugonjwa inaoutibu, na haifai kugawiwa kila mwenye barakoa.

Wengine watasema vidonge vya klofeniramini ni rahisi na vinapatikana duka lolote la dawa. Vinakausha makamasi, lakini vinalewesha usingizi hadi kesho yake, na mgonjwa huyu tayari anasinzia mchana. Matone ya kuzibua pua nayo yakizidi siku chache huirudisha pua katika kuziba, mara nyingi zaidi ya mwanzo. Unyevu wa kupashwa moto nao una pingamizi la umeme: kipasha unyevu hula sehemu kubwa ya umeme wa mashine, na betri haikihimili kwa muda mrefu. Umeme ukikatika, kizimwe, mashine iendelee. Kabla ya kulala pua isafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa robo lita. Mgonjwa akirudi kliniki kulalamika, swali la kwanza liwe pua huziba miezi gani na karibu na nini. Shinikizo la mashine lirekebishwe baada ya jibu hilo.